Lego za mtumba Mwanza: kununua na kuuza mtandaoni bila kuumizana

Ukienda Mwaloni Kirumba asubuhi utakuta dagaa wanapimwa kwa sado. Hakuna anayewahesabu. Sado ikijaa na dagaa wakiwa wamekauka vizuri, hela inatoka. Hatua chache mbele yupo muuza sato. Huyo anauza mmoja mmoja, na sato akikosa kichwa mteja ataona kabla hajasogea karibu. Mimi siuzi samaki, nauza Lego za mtumba, vile vitofali vya plastiki vya watoto kujengea, lakini biashara yangu yote imekaa hapo: kuna Lego ya sado na kuna Lego ya sato. Ugomvi karibu wote niliousikia, pamoja na ule nilioufanya mwenyewe, ulitokana na mtu kuuza sado kwa bei ya sato.

Wa kwangu ulikuwa hivi. Nilipata boksi la helikopta, limechakaa kidogo pembeni lakini picha ya juu bado inang'aa. Ndani vipande vilijaa. Nikalipiga picha, nikaandika "seti kamili, orijino", mama mmoja wa Isamilo akalichukua kwa elfu arobaini, zawadi ya mwanawe. Jioni akanipigia. Hakugomba. Alisema tu, "Kaka, helikopta haina panga." Nyuma yake nilimsikia mtoto analia. Nilirudisha hela yote na vipande nikamwachia. Tangu siku hiyo neno "kamili" silitumii mpaka nimehesabu.

Jua kwanza unashika nini

Lego ni ya kampuni ya Denmark, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mwaka 1932 katika mji wa Billund. Jina limetokana na maneno ya Kidenishi "leg godt", yaani cheza vizuri. Kwa mfanyabiashara wa mtumba tarehe ya kukumbuka ni nyingine: Januari 28, 1958, siku yalipowasilishwa maombi ya hataza, yaani haki ya mgunduzi asiigwe, ya tofali lenye vinundu juu na mirija chini, lile lile tunalolijua leo. Tofali la mwaka huo linashikana na la mwaka huu. Ndiyo maana mtumba wake una thamani. Gari la betri likifa limekufa, lakini tofali la Lego la miaka 30 ukiliosha linarudi kazini.

Sasa, orijino au feki? Chukua tofali, washa tochi ya simu, lilaze mwanga upite kwa ubavu. Juu ya kila kinundu utaona neno LEGO limechomoza kwa herufi ndogo sana. Kila kinundu, si baadhi tu. Vipande visivyo na vinundu, kama pini na magurudumu, neno mara nyingi limejificha ndani au upande wa chini. Ukikuta vinundu viko laini kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa, hiyo si Lego.

Si kwamba isiyo Lego haifai. Hataza za tofali zilishaisha muda, kwa hiyo kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza vitofali vinavyoingiliana nayo, na baadhi ni vizuri tu. Kosa ni kuchapa nembo ya wenzako, au wewe muuzaji kuvichanganya humo humo na kunyamaza. Mimi nina ndoo mbili. Ya pili nimeibandika karatasi "vinaingiliana na Lego", na bei yake iko chini. Wateja wa ndoo hiyo hawajawahi kunilalamikia.

Halafu kuna Duplo, yale makubwa. Duplo ni Lego orijino kwa ajili ya watoto wadogo: tofali lake lina urefu, upana na kimo mara mbili ya lile la kawaida. Muuzaji asiyejua huyatupa pembeni akidhani ni feki, nawe unayaokota kwa bei ya bure. Mteja akikwambia mtoto ana miaka miwili, mpe Duplo. Vipande vidogo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni hatari, atavimeza. Hata boksi lenyewe lina alama ya uso wa mtoto na 0-3 iliyokatwa kwa mstari. Hapo sibishani na mzazi, siuzi.

Pa kununulia

Mzigo wangu mwingi unatoka Mlango Mmoja, kwenye mabelo ya vitu vya watoto. Lego haiji na belo lake peke yake. Inakuja imechanganyika na midoli isiyo na nywele, magari yasiyo na matairi na njuga. Nina mama yangu mmoja pale ambaye siku anapofungua belo ananipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, vile vijiwe vyako viko kwenye ile karai."

Anaviita vijiwe, na anaviuza kwa karai. Hiyo ndiyo sado yenyewe. Kabla sijalipa nazamisha mkono mpaka chini, kwa sababu vipande vizito na vijitu, wale watu wadogo wa Lego, huwa vinajificha huko, halafu nachota konzi tatu za sehemu tofauti na kuvipiga tochi. Konzi zote tatu zikiwa na neno, nachukua karai zima. Moja ikiwa na mchanganyiko, nashusha bei. Mama anajua kwamba nafanya hivyo, na siku hizi konzi ya kwanza ananichotea mwenyewe, ya pale alipopanga yeye. Nacheka, nachota yangu.

Mtandaoni kuna Facebook, kuna Jiji, na kuna makundi ya WhatsApp ya wazazi wa shule na ya mitaa. Tangazo ninalolipenda kuliko yote ni la mtu anayehama. Familia inayorudi Dar au nje ya nchi haina muda wa kuvutana kwa vipande. Inataka nyumba iwe tupu kufikia Ijumaa. Likitokea tangazo la "vitu vyote vya mtoto, bei ya kuhama", usiulize maswali ishirini. Uliza la muhimu, kisha panda bodaboda.

La muhimu ni hili: namba ya seti. Iko kwenye boksi na kwenye jalada la kitabu cha maelekezo, na seti za siku hizi nyingi zina tarakimu tano. Ukiwa na namba umeshajua nusu ya mambo. Iandike kwenye tovuti ya Lego upate kitabu cha maelekezo, bure. Iandike kwenye Rebrickable au BrickLink upate orodha ya kila kipande pamoja na rangi na idadi yake. BrickLink ni soko la mtandaoni la vipande na seti, lilianza mwaka 2000, na Lego wenyewe walilinunua mwaka 2019. Kitabu pakua ukiwa kwenye waifai, kwa sababu baadhi ni vizito na vitamaliza bando.

Muuzaji hana boksi wala kitabu? Basi anauza sado, hata kama anaapa ni sato. Lipa bei ya sado.

Maswali mengine ninayotuma kabla ya kutoa hata shilingi:

- Naomba picha mpya, iliyopigwa sasa hivi, vipande vikiwa vimemwagwa juu ya shuka, pembeni kuwe na karatasi uliyoandika tarehe ya leo.
- Naomba picha ya karibu ya vinundu.
- Vijitu viko vingapi? Nipigie mbele na nyuma.
- Umewahi kujenga yote mpaka mwisho? Nini kilipungua?

Swali la mwisho lina ujanja ndani yake. Mtu mkweli hujibu, "Sijui, sijahesabu." Jibu hilo nalipenda. Anayejibu haraka "kamili kabisa boss" bila kuwa na kitabu, namwongezea maswali.

Vijitu na kasoro zisizoonekana kwenye picha

Vile vijitu vidogo vyenye kichwa cha duara vilianza mwaka 1978, na mara nyingi ndivyo vinavyobeba bei ya seti. Nimewahi kuona seti bila vijitu vyake inakosa mnunuzi wiki nzima, halafu vijitu peke yake vikaondoka siku moja. Kwa hiyo vikague kama unavyokagua tairi la mtumba. Tazama pembeni ya kiwiliwili, chini ya kwapa, kama kuna ufa mwembamba. Inua mkono uone kama unasimama ulipouacha au unaanguka wenyewe. Tazama uso: mchoro wa macho ukiwa umefutika, bei inashuka. Alama za meno zipo nyingi kuliko unavyodhani. Watoto wa Ulaya nao wanatafuna.

Rangi nayo inazungumza. Weupe uliogeuka kama pembe ya ndovu umekaa sana juani. Kijivu kina historia yake: karibu na mwaka 2004 Lego walibadilisha kijivu, cha zamani kinaelekea udongo, kipya kinaelekea bluu. Ukikuta ukuta mmoja una vijivu viwili, ujue seti imekarabatiwa na vipande vya seti nyingine. Si kosa, ila mnunuzi anayekusanya ataliona, kwa hiyo mtajie kabla hajaliona. Vya kahawia uvishike kwa upole. Vingi vya miaka ya 2000 na mwanzo wa 2010 vinavunjika kama biskuti unapovichomoa.

Kuosha

Hapa ndipo niliharibu mali. Nilipata bamba pana la kujengea, lile la kijani la chini. Lilikuwa na vumbi la miaka. Nikachemsha maji kwenye birika nikalimwagia. Lilijikunja mbele ya macho yangu kama chapati inayotaka kuungua, na halikurudi.

Lego wenyewe wanasema maji yasizidi nyuzi 40. Kipimajoto cha nini? Ni yale maji unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga. Weka sabuni ya maji kidogo kwenye karai, mwaga vipande, viache kama nusu saa, kisha visugue kwa mswaki wa zamani pale penye uchafu wa kushika. Kwa mzigo mkubwa nina mfuko nilioshona kwa chandarua chakavu. Natia vipande humo, nafunga, natikisa ndani ya karai, nasuuza mara mbili. Hakuna kipande kinachokwenda na maji ya mtaro. Kabla sijapata akili hiyo, kuku wa jirani walishaokota vya kutosha.

Vya betri na mota usivitie kwenye maji, vifute kwa kitambaa. Vyenye stika navyo ni kitambaa tu. Usianike juani wala juu ya mwamba, ingawa Mwanza miamba ipo mpaka mlangoni na inashawishi. Tandika mkeka kivulini, tandaza, washa feni, kesho yake geuza. Maji yakibaki ndani ya matofali na ukafunga kwenye mfuko, mteja atafungua na kukutana na harufu ya ukungu.

Kuna watu wanavyeupisha vilivyoiva njano kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi. Inafanya kazi, lakini mara nyingi njano inarudi baada ya muda, wakati mteja ameshalipa bei ya weupe. Mimi siifanyi.

Kuhesabu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo hela yenyewe. Watu wanaikimbia kwa sababu inachosha, ndiyo maana anayeifanya analipwa.

Chukua mfano wa seti namba 31058, ya madinosaria, ya mwaka 2017. Ina vipande 174. Ninavyofanya: natandaza shuka jeupe mezani usiku watoto wakilala, natenga vipande kwa rangi, halafu ndani ya rangi natenga kwa umbo. Kisha nafungua orodha kwenye simu na kwenda mstari kwa mstari. Kilichotimia nakiweka kwenye bakuli, kisichotimia nakiandika kwenye daftari. Kwa ile niliyoipata mimi nilimaliza na vipande 169 na saa moja na nusu ya maisha yangu. Vitano havikuwepo, vyote vidogo kuliko punje ya maharage.

Njia nyingine ni kuijenga yote ukifuata kitabu. Inachukua muda zaidi, lakini unapata picha nzuri ya tangazo, na unagundua hata kipande kilichopasuka ambacho kwenye kuhesabu ungekipitisha. Nina binamu wa darasa la tano ananijengea likizo. Malipo yake ni vijitu, na kwenye makubaliano ni mgumu kuliko wafanyabiashara wa Makoroboi.

Seti kubwa ya vipande elfu moja na kitu, ambayo haina kitabu na imechanganyika na nyingine tatu? Acha. Iuze kwa kilo. Tofali la kawaida la vinundu 8 lina gramu kama 2.3, kwa hiyo kilo moja ya matofali ya namna hiyo ni kama 430. Mteja akiuliza "kilo ni ngapi hivi?" mpe hesabu hiyo, ukimwambia kwamba vidogo vitakuwa vingi zaidi na vikubwa vichache. Wala usiiuze kwa unyonge. Matofali 6 tu ya vinundu 8, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mzazi nikimwonyesha namba hiyo huwa anacheka kwanza, halafu anaongeza nusu kilo.

Bei

BrickLink inaonyesha bei ambazo kitu kimeuzwa kweli katika miezi sita iliyopita, kipya na kilichotumika. Iangalie ujue seti ipi inatafutwa na ipi haina mwenyewe. Lakini usiichukue bei ya Ulaya ukaigeuza shilingi ukaileta Nyakato. Mnunuzi wa kule anaagiza kipande kinachokosekana kikamfikia kwa bahasha. Wa hapa akiagiza kipande kimoja cha senti chache, usafiri utazidi bei ya seti nzima. Kwa hiyo kwetu pengo lina gharama kuliko kwao, na seti iliyohesabiwa ina thamani zaidi.

Kanuni yangu, ambayo ni yangu tu: najiuliza sado ya uzito huo ningeiuza bei gani, halafu naongeza kwa kila kilichothibitishwa. Kuhesabiwa kunaongeza sana. Vijitu vyote kuwepo, sana. Boksi, kidogo, kwa sababu mtoto atalichana siku hiyo hiyo. Kitabu cha karatasi, kuzidi boksi kidogo, maana si kila nyumba ina bando la kufungua kitabu cha kurasa themanini. Ile ya madinosaria niliweka 25,000.

Ongeza kidogo cha kupunguzwa. "Mwisho ngapi?" itakuja tu, hata ukiandika "bei haipungui" kwa herufi kubwa. Mtu asiyepunguziwa hata mia tano anaona umemdharau.

Tangazo

Piga picha asubuhi karibu na dirisha, taa imezimwa, juu ya shuka la rangi moja. Khanga ni nzuri lakini maua yake yanameza vipande. Picha ya kwanza iwe kitu kilichojengwa, ya pili vipande vimetandazwa, ya tatu vijitu, ya nne kasoro. Ndiyo, kasoro. Mimi hupiga picha ukurasa wa orodha ya vipande nikazungushia kalamu nyekundu vilivyokosekana.

Maneno yawe mafupi na ya kweli. La madinosaria lilikuwa hivi:

"Lego orijino ya mtumba, seti namba 31058, madinosaria. Vipande 169 kati ya 174, vitano vinavyokosekana viko kwenye picha ya nne. Imeoshwa. Boksi na kitabu havipo, kitabu kinapakuliwa bure na nitakutumia. Si ya mtoto chini ya miaka mitatu. Sh 25,000. Nipo Nyakato. Nje ya Mwanza natuma kwa basi, usafiri juu yako."

Andika bei. Ule mtindo wa "bei njoo inboksi" unanichosha kama mnunuzi, na nikichoka napita. Stetasi ya WhatsApp weka mwisho wa mwezi na karibu na likizo za shule. Katikati ya mwezi utapata watazamaji na vikopa.

Na kama unauza Lego za mwanao mwenyewe, mwulize kwanza. Nimeshauziwa mara mbili mzigo ambao mwenyewe alikuwa shuleni, na mara zote mbili uliombwa urudi jioni.

Malipo

Kwa mtu wa Mwanza, onaneni. Rock City Mall panafaa, au nje ya benki yoyote mchana. Mwambie alete mtoto ikiwezekana, kwa sababu mtoto anakagua kuliko baba. Akishaona, ndipo alipe kwa simu au mkononi.

Meseji ya malipo usiiamini kwa macho. Matapeli wanatuma meseji iliyoandikwa vizuri kabisa, "umepokea Tsh 25,000", kutoka namba ya kawaida. Fungua menyu uangalie salio lako wewe mwenyewe, mteja akiwa bado amesimama. Akikasirika, mwache akasirike. Na mtu akikupigia kwamba ametuma zaidi kwa makosa, umrudishie haraka kwa sababu mgonjwa yuko hospitali, mwambie awasiliane na mtandao wake wa simu, wao ndio warudishe muamala. Usimtumie wewe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Ukiwa mnunuzi wa mbali, usitume hela yote kwa mtu usiyemjua. Linganisha jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri na jina alilokupa. Yakitofautiana na akasema "hiyo ni namba ya shemeji", basi shemeji ndiye auze.

Kutuma

Nje ya mji ni basi. Nyegezi na Nyamhongolo kuna ofisi za vifurushi. Uliza mapema gari la mteja wako linaanzia stendi ipi, usije ukavuka mji mzima na boksi. Upande wa Geita na Sengerema mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Kifurushi hakilali tena kikisubiri kivuko. Ukerewe na Bukoba kuna meli.

Seti ifungwe hivi: vijitu kwenye kifuko chao, vipande vidogo kwenye kifuko chao, vyote ndani ya boksi la viatu lililojazwa magazeti mpaka ukilitikisa halisemi kitu. Gundi ya karatasi kila ukingo. Ukituma kwa maji, zungushia nailoni kwanza, kwa sababu mawimbi ya alasiri hayaulizi mzigo ni wa nani. Mzigo wa kilo natia kwenye ndoo yenye mfuniko. Juu andika jina na simu ya mpokeaji mara mbili, pande mbili. Kabla ya kufunga, piga picha ya vilivyomo, kisha piga picha ya risiti ya mzigo na kumtumia mteja hapo hapo stendi, kabla hujapanda daladala kurudi.

Nawapa wateja siku tatu za kuhesabu wenyewe. Kikipungua kitu nilichosema kipo, natafuta kingine au narudisha sehemu ya hela.

Pa kutafutia hicho kingine ni kopo la yatima. Kila kipande kisicho na seti yake kinaingia humo: pini moja, usukani, nusu ya mlango, kofia bila kichwa. Mara mbili kwa mwezi hivi mtu ananitumia picha, "Kaka, hiki unacho?" Nalimwaga kopo mezani, natafuta. Mteja mmoja wa Nansio alikuwa anatafuta tairi moja tu, dogo kama kifungo cha shati, na lilikuwemo. Nililifunga kwenye karatasi likaenda na meli ya siku iliyofuata. Kopo likijaa mpaka mfuniko unakataa, nachagua vile ninavyoona vitaulizwa. Vinavyobaki napima sado.